Viatu Mlangoni pa Shule ya Mjini

Kabla ya kumtazama mtu usoni, Marita alimtazama miguuni. Hakuzaliwa na tabia hiyo. Ni kazi iliyomfunza. Kila asubuhi, akishainjika viazi jikoni, alitoka na fagio la mpira kusukuma nje maji ya theluji iliyoyeyuka kwenye ukumbi wa kuingilia shule ya Kvarnheden, na hapo ndipo kila mtu alipovulia viatu. Awe mtoto, awe mzazi, awe fundi bomba, awe mchungaji aliyekuja kuimbisha nyimbo za Noeli, viatu vilibaki mlangoni, soksi ndizo zikaingia. Kwa hiyo Marita alijua nani kanunua buti mpya na nani karithi za kaka yake, nani analaza kisigino upande mmoja, nani ana haraka na maisha hata kamba hafungi. Viatu vya Håkan seremala ndivyo havikuhitaji kutazamwa mara mbili. Yeye alivaa mitalawanda, viatu vya mbao alivyovipaka rangi nyekundu kwa mkono wake mwenyewe, kiangazi na wakati wa baridi, eti buti zinamtoa jasho.

Marita alizaliwa katika nyumba ya manjano kando ya daraja, akasoma shule hiyohiyo, akatoka bila cheti cha maana. Alilea watoto wa watu, akafunga mbao kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, ndipo shule ikamchukua jikoni. Mumewe, Kjell, aliendesha lori la magogo, mtu mpole aliyezungumza na injini zaidi kuliko na watu. Mtoto walimpata kwa kuchelewa, wakati Marita amekwisha kuzigawa nguo za kichanga alizokuwa amezihifadhi. Wakamwita Tove. Tangu siku hiyo Marita hakulala usingizi wa kushiba. Mtoto akikohoa, yeye yuko macho. Mtoto asipokohoa, yuko macho zaidi, anasikiliza kwa nini hakohoi.

Mwalimu wa shule alikuwa Siv. Alifika Kvarnheden akiwa msichana, na Marita alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo. Mwema hasa, huyo Siv. Enzi hizo Marita akipewa kitabu asome kwa sauti, herufi zilimchezea machoni kama nzi, naye akalia. Siv hakuwa na moyo wa kumtesa mtoto. "Wewe mikono yako ni ya kazi," alimwambia. "Nenda ukagawe maziwa." Basi saa ya kusoma ikawa saa ya maziwa, mwaka kwa mwaka, na Marita akafurahi sana. Leo, mwanamke mzima, akipata karatasi kutoka hospitali humpa Kjell. "Nisomee, sina miwani." Miwani imo mfukoni mwa aproni.

Majira ya majani kupukutika, Tove akiwa darasa la tano, alianza kutokea jikoni katikati ya masomo. "Siv kasema nije nikusaidie kupanga vikombe." Mara ya kwanza Marita alifurahi kuwa na mwanawe karibu. Alimpa kipande cha mkate na jibini. Wakaendelea hivyo wiki kadhaa, mpaka siku moja Tove alipoingia akiwa amebeba chano cha pakiti za maziwa.

"Nani kakutuma na hicho?"

"Siv. Darasani wanasoma. Anasema mimi nina mikono ya kazi."

Marita aliendelea kumenya karoti, lakini kisu kilikuwa kinakata hewa.

Hapo ndipo dhiki yake ilipoanza, na dhiki yenyewe ilikuwa na pande mbili. Huku Uswidi kila mtoto ana fungu lake la serikali la masomo, na mzazi ndiye anayeamua shule gani ilipate. Mtoto akihama, fungu humfuata kama ndama anavyomfuata mama yake. Kvarnheden watoto walikuwa wachache, na halmashauri ilikwisha kusema bila kuficha kwamba wakipungua tena, shule itafungwa. Na kule mjini Storbro kampuni moja ilikuwa imefungua shule mpya katika jengo lililokuwa duka la samani. Watu walisema kila mtoto hupewa kompyuta, na kwamba wapo walimu ambao hawana kazi nyingine ila kukaa na mtoto mmojammoja ambaye herufi zinamchezea.

"Bado ni duka," Håkan alipenda kusema. "Wameondoa makochi tu, wameweka watoto."

Kijiji kilicheka na kuunda kamati ya kuitetea shule yake. Mwenyekiti alikuwa Pernilla, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, mama yake Svea. Svea ndiye rafiki wa pekee wa Tove, na walipendana hata wakabadilishana kamba za buti: kila mmoja alikuwa na buti moja yenye kamba ya kijani na nyingine ya rangi ya chungwa. Kamati ilichapisha stika za kubandika nyuma ya magari: KVARNHEDEN INABAKI. Marita hakuwa msemaji, kwa hiyo mchango wake ulikuwa kuoka maandazi ya mdalasini kwa kila kikao. Siv alimshika mkono akamwambia, "Bila wewe tungekuwa tumekwisha." Marita aliyabeba maneno hayo nyumbani kama mtu aliyebeba moto kwenye kanga.

Januari gazeti la mtaa lilitangaza siku ya wazi huko Storbro. Kjell alimsomea tangazo, kisha akakunja gazeti polepole.

"Unataka twende?"

"Sijasema."

"Umeniambia nilisome mara mbili."

"Nataka kutazama tu, Kjell. Kutazama si kuhama."

"Watu wakituona?"

"Storbro nani atatuona? Watu wote wa hapa wameapa hawatii mguu kule."

Kjell alikuwa na safari ya magogo, hivyo Marita alikwenda na Tove peke yao. Kabla ya kuondoka alimfundisha mtoto: akiulizwa na Svea, aseme wanakwenda kwa bibi. Njia nzima aliendesha akitazama kioo, kama mwizi. Alipofika hakuegesha mbele ya shule bali nyuma ya duka la vyakula, kando ya gari la bluu. Aliteremka, akaiona stika ya kamati ikimkodolea macho kutoka kwenye gari lake mwenyewe. Akachota theluji kwa mikono yote miwili akaikandika juu ya kioo cha nyuma mpaka maneno yakafunikwa. Alipokuwa akipangusa glovu, aliona kwamba gari la bluu nalo kioo chake cha nyuma kimefunikwa na theluji, ilhali paa lake lilikuwa safi kabisa. Hilo lilimgusa kidogo akilini, likapita.

"Mama, kwa nini unapaka gari theluji?"

"Funga zipu, Tove. Kuna baridi."

Mlango wa shule ulikuwa wa kioo na ulifunguka wenyewe. Ndani kulinukia kahawa na rangi mpya. Sauti ya mtu mwenye kipaza sauti ilitoka upande wa ukumbi mkubwa, watu wakacheka. Na hapo mlangoni, kwenye mkeka mrefu wa mpira, vilipangwa viatu.

Marita aliinama ili avue vya kwake. Ndipo alipoiona mitalawanda nyekundu.

Kwanza alidhani macho yamemdanganya. Kisha, kama mtu aliyemtambua mmoja katika umati akashtuka kwamba anawajua wote, akaanza kuwaona. Buti za Lennart wa kamati, zenye kiraka cha mpira wa tairi. Buti za wale pacha wa upande wa ziwa, zimetupwa huku na huko kama kawaida yao. Viatu vyenye manyoya vya mhazini wa kamati, yule aliyelia kwenye kikao cha mwisho. Na buti ndefu nyeusi za kike, na kando yake buti ndogo za zambarau, moja ina kamba ya kijani, nyingine ina kamba ya rangi ya chungwa.

Alinyoosha mkono amgeuze Tove, lakini amechelewa. Mtoto alikuwa anazitazama buti za zambarau. Kisha akazitazama za kwake.

"Alisema ana homa," Tove alisema.

"Labda amepona."

"Aliniambia jana. Alisema hata sauti haitoki."

Kutoka ndani kulisikika kicheko cha Pernilla, kile cha kuita ng'ombe. Marita hakuvua kiatu. Alimshika mwanawe bega, mlango wa kioo ukafunguka wenyewe, wakatoka.

Ndani ya gari walikaa bila kuwasha injini. Tove alikuwa anavuta kamba ya buti yake, ile ya chungwa, anaizungusha kidoleni.

"Mimi nilimwambia tunakwenda kwa bibi," alisema mwishowe. "Kwa hiyo sisi pia."

"Ndiyo. Sisi pia."

"Angeniambia, nisingemchukia. Ningetaka kwenda naye."

Marita aliwasha gari. Kimya cha kijiji chake alikizoea tangu utotoni. Alikiona kama blanketi, kila mtu kajifunika lake. Siku hiyo kwa mara ya kwanza alihofu kwamba huenda chini ya blanketi lake kila mtu anatetemeka peke yake.

Alhamisi iliyofuata kamati iliitisha mkutano katika chumba cha kulia cha shule. Ilikuwa siku ya supu ya njegere za manjano na chapati za maji, kama Alhamisi zote, na harufu ilikuwa haijaondoka. Kijana wa halmashauri alikaa mbele na kompyuta yake, amevaa soksi zenye kitundu kidoleni. Wazazi wote walikuja. Marita, akiwa na birika la kahawa kwenye dirisha la jikoni, alivihesabu viatu vyao kwa macho kule ukumbini: vilevile, mpangilio mwingine tu.

Pernilla alisimama akaeleza kuhusu kijiji, kuhusu mabasi na giza la njiani, kuhusu watoto watakaoamka usiku ili wasome mchana. Alisema vizuri. Siv alikuwa amekaa kiti cha mbele, mikono mapajani, anaitikia kwa kichwa kila neno.

"Sasa," Pernilla akasema, "tumwonyeshe mgeni wetu. Nani atabaki na shule yake? Mikono juu!"

Mikono ikapanda. Wa Lennart ukapanda. Wa mhazini. Wa Håkan ulipanda juu kuliko yote, kana kwamba anataka kushika dari. Siv aligeuka kuwatazama, macho yakamjaa maji kwa furaha, na ni macho hayo yaliyomchoma Marita, si mikono.

"Marita!" Pernilla aliita kwa utani. "Mbona mkono hauonekani? Au birika limekuwa zito, mama maandazi?"

Watu wakacheka. Marita aliliweka birika chini.

"Mimi sijui kama nitabaki," alisema.

Kicheko kilikatika kama kamba.

"Hujui?" Lennart alidakia. "Na wewe unakula mshahara wa shule hii?"

"Ndiyo, nakula. Na Jumamosi nilikwenda Storbro kutazama ile shule."

"Kumbe ni wewe!" sauti ya mwanamke ikatoka nyuma. "Ndiyo maana mkono hukuinua!"

"Sikuingia," Marita aliendelea, na sauti yake ilikuwa ndogo hata waliokuwa nyuma waliinama mbele. "Niliishia mlangoni. Nilikuta viatu vingi sana."

Hakusema zaidi. Hakukuwa na haja. Mmoja baada ya mwingine watu waliangusha macho kwenye soksi zao. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kijana wa halmashauri alificha kidole chake kilichotokeza, akidhani yanamhusu. Mikono ilishuka polepole, kama bendera siku isiyo na upepo, na wa Håkan ukabaki peke yake juu muda mrefu, amesahau kuushusha.

"Mimi nilikwenda kutazama madirisha," Håkan alisema hatimaye. "Wametia madirisha mabaya sana kule."

Mtu mmoja alijaribu kucheka. Hakufika mbali. Siv aliinuka, akachukua mkoba wake, akapita katikati yao bila kumwangalia yeyote, akaenda kuvaa viatu.

Jioni hiyo Marita alikuwa anakatakata viazi vya kukaanga ambavyo hakuna aliyekuwa na hamu navyo, akasikia hatua kwenye ngazi za mbele. Alizijua. Pernilla alisimama nje ya mlango, theluji mabegani.

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema kabla ya salamu.

"Nilisema viatu. Sikusema vya nani."

"Kwani ulihitaji kusema?"

Walisimama hivyo, baridi ikiingia ndani, Kjell akijifanya anatafuta kitu chini ya sinki.

"Kwa nini hukuniambia, Marita? Sisi tumekua pamoja. Unaniona kila siku."

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Pernilla alipangusa pua kwa glovu. Ile sauti yake yote ilikuwa imeishia wapi, haijulikani.

"Svea anaumwa tumbo kila Jumapili jioni. Siku Tove asipokuja shule, hana wa kukaa naye. Na hesabu ndiyo hajui kabisa, shoga yangu, hajui, na Siv anasema atakua, atajua. Nikasema nikatazame. Nikajipa moyo: Marita hawezi kuondoka, yeye ni wa jikoni pale, Marita akibaki shule itasimama. Haitakuwa mimi niliyeiua."

Marita alishika fremu ya mlango.

"Mimi nilisema hivyohivyo juu yako," alisema. "Neno kwa neno. Pernilla ni mwenyekiti, haondoki. Mtoto wangu mmoja hawezi kuwa ndiye jiwe linaloangusha ukuta."

Wakatazamana. Kila nyumba kijijini ilikuwa imesema vivyo hivyo, peke yake, mlango umefungwa. Kila mmoja kaegemea ukuta akiamini mwenziwe ndiye nguzo.

"Vua viatu, uingie," Marita alisema. "Kahawa ipo."

Walikunywa. Kwamba wasichana waende pamoja, hilo walikubaliana upesi, hata wakaona haya kwa upesi wenyewe. Lililobaki ndilo lililokuwa gumu. Kuchagua shule hufanywa kwenye kompyuta, unabonyeza, basi. Na aliyeachwa husoma jina lako siku nyingine akiwa peke yake.

"Siv asisome kwenye kompyuta," Marita alisema. "Tukamwambie kwa mdomo."

"Lini?"

"Kesho asubuhi. Watoto hawajafika."

"Anza wewe basi. Mimi nitalia."

"Wewe ndiye msemaji."

"Mimi ni msemaji wa kubaki. Wa kuondoka sijawahi kuwa."

Asubuhi walifika pamoja wakati taa za barabarani bado zinawaka. Walivua buti ukumbini, wakazipanga kandokando, katikati kabisa ya mkeka, mahali pasipoweza kufichika. Siv alikuwa darasani anapanga penseli, amevaa sweta lake la kijivu. Alipowaona wako wawili, aliweka penseli chini.

"Semeni," alisema.

Pernilla alifungua kinywa, kisha akalia, kama alivyoahidi. Ikabaki kwa Marita.

"Tove anaondoka, Siv. Na Svea. Wengine sijui, watakuja wenyewe, au hawatakuja. Tumeona usikie kwetu."

"Basi shule imekwisha."

"Huenda."

"Na kazi yako?"

"Najua."

Siv aligeukia dirisha. Nje kulikuwa na rundo la theluji ambalo watoto walikuwa wamelichimba pango. "Nimewapenda," alisema. "Hakuna mtoto aliyenyanyaswa katika shule hii. Hakuna. Mnafikiri huko watawapenda?"

"Hatujui," Marita alisema. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi." Alivuta pumzi. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu, hata Kjell, ambaye alijua bila kuambiwa. "Siv, mimi sijui kusoma vizuri. Nasoma kama mtu anayetembea kwenye barafu. Saa ya kusoma ulinipa maziwa nigawe. Na sasa umempa Tove."

Mwalimu aligeuka. Uso wake ulikuwa umezeeka kwa mara moja.

"Ulikuwa unalia," alisema. "Kila nikikupa kitabu unalia. Sikuweza kustahimili kukuona."

"Najua. Ulikuwa mwema kwangu."

"Ulitaka nifanye nini?"

"Uniache nilie, Siv. Ningelia, halafu ningejua."

Pernilla aliacha kulia. Siv alikaa juu ya kiti kidogo cha mtoto, magoti yakamfika karibu na kidevu, akazitazama penseli zake zilizopangwa. Marita alitaka kwenda kumgusa bega, asijue kama haki hiyo bado anayo. Alikwenda hata hivyo. Siv hakulisogeza bega. Wala hakusema kwamba amesamehe, maana hakuna aliyejua bado nani amsamehe nani.

Kisha ilikuwa lazima viazi viinjikwe, kwa kuwa watoto wangekula siku hiyo kama siku zote, na kila siku iliyobaki. Marita alifunga aproni, akainjika, akachukua fagio la mpira akatoka ukumbini. Watoto walikuwa wameanza kuingia na theluji yao.

Svea alikuwa amekwisha kuweka buti zake kando ya zile za mama yake. Tove aliingia, akaziona, akaenda kuvulia mwisho kabisa wa ukumbi, karibu na mlango wa stoo, mahali ambapo hakuna mtu huweka viatu. Akapita kuelekea darasani bila kutazama nyuma. Svea alisimama na soksi zake, akiuma mdomo. Kisha aliinama, akaziokota buti zake za zambarau, akavuka maji na soksi zikalowa, akaziweka pale mwisho, ya kijani kando ya kijani.

Marita alisukuma maji kuzizunguka, taratibu, asije akazigusa.